Ukabaila na Jumamosi ya Maman Feza

Jumanne, 3 Juni

Nimesuka vichwa vitatu leo. Vidole vimekufa ganzi. Kitabu cha histoire, historia ya Wazungu, nakificha chini ya taulo za saluni. Mteja akichelewa nasoma nusu ukurasa. Ukabaila. Kumbe Wazungu nao walipigiana magoti, haki ya Mungu! Mtu huru anaweka mikono yake ndani ya mikono ya bwana, anaapa, anapewa shamba. Nikaandika pembeni: mtumwa. Professeur wa kozi ya jioni akafuta. Si mtumwa, akasema, soma tena. Nimeona haya.

Mtihani ni wa mdomo, Jumamosi tarehe 14, asubuhi. Nikipita, napata cheti cha sekondari, naingia shule ya wauguzi. Nisipofika, mpaka mwaka kesho. Nina miaka thelathini na miwili. Sina mwaka wa kutupa.

Alhamisi, 5 Juni

Ayi! Maman Feza, mwenye saluni, amechukua kazi ya bibi arusi. Tarehe 14! Bibi arusi na wapambe watano, wote wasukwe kabla ya saa sita. Ametangaza mpaka Galerie nzima, maduka yote, imesikia. Watatu ni wangu. Hakuniuliza. Angeuliza nini, wakati hata kozi nimemficha?

Nimekasirika mpaka nimemvuta mteja nywele. Miaka minne, kila Jumamosi yangu ni yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi kitana nilipewa siku ya pili.

Lakini bon, tuseme kweli. Nilitoka Bukavu nikateremka kituo cha treni cha Gare du Nord, huku kwa Wazungu, na begi moja na namba ya simu isiyoitika. Maman hakunijua. Alinisikia tu nikilia kwa Kiswahili. Akanipa kitanda nyumbani kwake, akanipa kiti cha kusukia, akanitafutia wakili wa makaratasi. Mtu kama huyo unamwambiaje hapana?

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamua. Nitaugua. Ijumaa naanza kukohoa, Jumamosi siamki, akishatoka tu naruka kwenye métro. Kwa uongo najiamini kuliko kwa histoire.

Jumatano, 11 Juni

Nimesoma tena tangu mwanzo. Mfalme yuko mbali, hana nguvu. Wavamizi wanapanda mito kwa mashua, wanachoma vijiji. Utakimbilia wapi? Kwa jirani mwenye ukuta na farasi. Unampa mikono yako, naye anakulinda. Sisi wa Kivu tunahitaji kufundishwa hilo?

Donc, basi, si mtumwa. Bwana naye amefungwa na kiapo. Na anayetaka kutoka anaweza kutoka, ila hatoroki. Anakwenda mbele ya bwana, mbele ya watu, anatupa unyasi chini, ishara ya kuvunja kiapo, anasema: mimi na wewe basi. Akitoroka kimyakimya ni msaliti.

Nimefunga kitabu. Ule mpango wa kikohozi umenitia aibu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesema. Saa tano, saluni imejaa. Maman, kesho siji. Niko na mtihani. Nimesoma mwaka mzima kwa kukuficha, naomba msamaha kwa kuficha, si kwa kwenda. Vichwa vyangu vitatu, dada wa saluni ya jirani amekubali kuvichukua.

Hata wateja wameacha simu zao.

« Shukrani ya punda ni mateke, kweli! » Maman akanyoosha mkono, anataka funguo za nyumba yake. Nikampa kwa mikono miwili, nilivyolelewa. « Basi ukalale kule vitabu vyako vinalala. » Uso wake haukuwa wa hasira. Afadhali ungekuwa.

Niko Laeken, kwenye sofa ya Riziki, mwenzangu wa kozi. Nimelia sana.

Jumamosi, 14 Juni

Mtahini ni mzee wa miwani. Akaniuliza: kwa nini watu huru walikubali kupiga magoti?

Nikasema hofu. Nikasema pia shukrani, kwa sababu kuna waliofunguliwa mlango wakati hakuna mwingine aliyefungua. Halafu nikajisikia nasema: na bwana naye aliogopa. Aliogopa kubaki peke yake ndani ya ukuta wake. Hilo halimo kitabuni. Nilikuwa nauona uso wa Maman wa jana, mjane asiye na mtoto. Mzee akanimiminia maji.

Quatorze sur vingt, kumi na nne juu ya ishirini. Nimepita.

Jumapili, 15 Juni

Mvua. Maman Feza amepiga simu baada ya ibada. Mtihani hakuutaja, bibi arusi hakumtaja. Amepika sombe, majani ya muhogo ya kwetu, akasema, imekuwa nyingi.

Nikaenda. Nikabisha hodi, miaka minne sikuwahi kubisha hodi mlango ule. Tumekula. Nilipoinuka kuosha sahani akaninyang'anya sponji, akaniambia nikae, nimweleze hao watu waliniuliza nini.

Nikamweleza yote, isipokuwa lile jibu la mwisho.