Chachu ya Mnazi Wako Ilikataa Mafuta

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Leo nimepata jibu la lile tulilobishania nyumbani Tezo, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe.

Unakumbuka nilivyokuja likizo na chupa ya mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki, meusi, yananuka? Ulikuwa ndiyo kwanza umeteremka mnazini. Nikakuomba lile tope jeupe linalotuama chini ya tembo la mnazi. Nikakueleza kuwa mle mna chachu hai, na kwamba chuoni Kilifi tunatafuta chachu inayoweza kula mafuta machafu. Ikiyala, hutoa kimeng'enya, kitu kinachokata mafuta vipande vidogo vidogo. Watengeneza sabuni wanakihitaji cha kuondolea madoa.

Ukanusa chupa. "Na hiyo chachu umeiuliza kama inayataka?"

Nikacheka.

"Mimi naijua," ukasema. "Inapenda utamu. Hapa itakufa njaa."

Nikakujibu mbele ya Mama, "Baba, haya ni mambo ya shule." Asubuhi nikakuta umenifungia chupa mbili, moja ya mnazi mrefu na moja ya mfupi. "Ukalinganishe," ukaniambia.

Sikukuomba radhi. Nilidhani nitakuja kukuomba siku nyingine, kisha ukaugua, ukatutoka.

Chachu zako zote mbili hazikuota, Baba. Siku kumi nilizitazama, mafuta yakielea vilevile. Nikaenda Malindi, Kisumu Ndogo, kwa mama mmoja anayekaanga viazi karai. Nikachota udongo pale anapomwaga mafuta miaka yote. Alinitazama kama mwenda wazimu, lakini akanipa kijiko. Chachu ya udongo ule ndiyo iliyoyala. Maji niliyoyachanganya na mafuta yakawa meupe kama tui, na tone lake nililoliweka kwenye kisahani chenye mafuta likafanya duara safi, kama dirisha lililofutwa. Nililitazama mpaka chai ikapoa.

Nikamwambia mwalimu wangu kwamba kuna mtu aliyejua mapema kuwa ile ya mnazi itakataa.

"Alisomea wapi?"

"Alikuwa mgema."

Hakucheka. Alifungua daftari lake, akashika kalamu, akaniuliza, "Alijuaje?"

Miaka yote ile nawe, sikuwahi kukuuliza.

Nisamehe, Baba. Pumzika.

Ni mimi binti yako,
Kadzo