Muhuri Juu ya Bahasha

Area D, Jumanne

Kuomba radhi hajaomba, na wala sijali. Wiki nzima Mama Mhina, bosi wangu, alinisema mbele ya watu kwamba sibadilishi matangazo kwenye tovuti ya ofisi. Nilikuwa nabadilisha. Lakini mwalimu mmoja wa Mvumi, mwombaji wa kazi, alikuja siku moja baada ya usaili, na karatasi aliyochapa internet kafe ilikuwa na tarehe ya zamani. Aliikunja tu, akaondoka. Sikulala.

Jana Rashidi, mwenye kafe, akanifumbua macho. "Kaka, mashine yangu inatunza nakala za kurasa. Usipoikataza, inagawa ya zamani."

Nilishaikataza, ila ndani ya ukurasa, ambako mashine yake haisomi. Ni kama kuandika HARAKA ndani ya barua na kuacha bahasha bila muhuri. Mimi, niliyeanzia kazi masijala!

Leo nimeongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva, kila tangazo litoke na agizo lake kwa juu: no-cache, yaani usigawe nakala bila kuiuliza seva kwanza. Nikaenda kafe; Rashidi akafuta nakala zake, akafungua tangazo: usaili wa Ijumaa, chumba namba nne. Nikarudi ofisini, nikaandika saba badala ya nne, nikampeleka Mama Mhina kafe. Rashidi akafungua tena.

Saba.

"Kumbe ulikuwa unabadilisha," akasema Mama Mhina.

"Ndiyo, Mama."

Tuliporudi akasaini barua ya kumwita yule mwalimu Ijumaa. HARAKA nimegonga mwenyewe, juu ya bahasha, mara mbili.