Mama Babu na Mfupa wa Kidole

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa ombi la shahidi. Mtaani anajulikana kama Mama Babu.
Umri: Miaka 56
Kazi: Fundi cherehani, karakana ya makochi
Makazi: Vyumba viwili nyuma ya karakana hiyo hiyo
Yamechukuliwa: Tarehe 22 mwezi wa sita, kituo cha polisi, chumba cha pili, kuanzia saa tatu asubuhi, na koplo wa zamu.

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimesikia kwamba mwanangu, kijana wa miaka kumi na tisa tunayemwita Babu, ambaye mmemshikilia tangu juzi, ameandikisha kwamba aliuchukua mfupa wa kidole wa Taasisi ya Utafiti akiwa peke yake. Huo ni uongo. Tena hajui kudanganya, akidanganya masikio yanamwiva, nashangaa hamkuona. Nimekuja kusema ilivyokuwa. Nimemwomba afande aandike ninavyosema, asininyooshee maneno, naye amekubali.

Nitaanza mbali. Afande ametazama saa yake. Avute subira, kwa sababu bila mwanzo mambo haya yataonekana wizi wa kawaida.

Miaka ishirini iliyopita mimi na marehemu mume wangu, fundi wa makochi, tulikuwa tumekaa kwenye ndoa muda mrefu na hatujapata mtoto. Taasisi walikuwa wanatafuta mwanamke mwenye afya wa kubeba mimba. Hawakutuficha kitu, hilo nalisema wazi. Daktari wa Taasisi, mama mmoja mwembamba wa miwani, alitukalisha akatueleza kwamba mtoto atatokana na chembe zilizopatikana ndani ya mfupa wa kidole kidogo. Mwenye kidole alikufa miaka elfu arobaini iliyopita. Hakuwa mtu kama sisi hasa, alikuwa wa jamii ya watu wa kale ambao walikwisha wote duniani. Mtoto angefanana naye kwa kila kitu. Mume wangu aliuliza kama jambo hilo ni halali. Mimi niliuliza, "Atanyonya?" Daktari akasema, "Tunadhani." Nikasema basi, mengine tutayaona mbele.

Alinyonya. Nusura animalize.

Alizaliwa mnamo tarehe 8 mwezi wa tatu, saa sita mchana, kifua kipana kama cha mbeba mizigo na mfupa wa nyusi umetokeza utadhani amekasirika. Wauguzi walisogea nyuma kidogo, niliwaona. Mume wangu ndiye aliyemchukua. Akamwangalia, akawageukia wale wauguzi akasema, "Huyu ndiye babu yetu sisi sote. Mnasimama tu? Mwamkieni." Muuguzi mmoja akaangua kicheko, akasema, "Shikamoo, Babu." Jina likaganda hapo hapo. Na mimi nikawa Mama Babu. Wageni wakisikia hivyo wananitazama usoni kutafuta nina miaka mingapi.

Basi kila aliyeingia karakana alimwamkia, mteja, mleta mbao, mpita njia. Neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, lilikuwa "haba." Ilituchukua wiki nzima kujua anasema marahaba. Siku ya kwanza ya shule mwalimu aliingia darasani, watoto wote wakasimama wakaamkia, yeye akabaki ameketi akimsubiri mwalimu aanze. Niliitwa shuleni siku hiyo hiyo. Nilijaribu kuomba radhi, kicheko kikanishinda, mwalimu naye akakasirika zaidi.

Afande ameuliza kama mtoto alinisumbua. Alinisumbua kama watoto wengine wote. Alichelewa kusoma, aliwahi kila kitu cha mikono. Alikuwa akinusa kitambaa kabla ya kukigusa, akakwambia kimetoka kwa nani. Sijawahi kumnunulia nguo ya dukani hata moja: bega la mtu mzima, mkono mfupi, shingo haina kipimo. Nilimshonea mwenyewe kila kitu, tangu nepi hadi suti ya msiba wa baba yake. Wenzake walimtania sura, naye aliwabeba wawili wawili mabegani mpaka wakachoka kumtania.

Mchana alikuwa akikaa na baba yake chini ya kochi lililopinduliwa. Fundi wa makochi, kwa asiyejua, anaweka vijisumari mdomoni, anavitoa kimoja kimoja kwa ulimi, kichwa cha kijisumari kikitangulia, mkono mmoja unavuta kitambaa na mwingine unapiga nyundo. Mwenye haraka hafanyi kazi hiyo. Mume wangu alimfundisha kwa mbegu za tikiti kwanza, ili akimeza asife. Alimeza nyingi. Alipohitimu mbegu akapewa vijisumari, na ngozi ikiwa ngumu aliivuta kwa meno ya mbele, baba yake anapiga misumari. Wakati huo nilikuwa kwenye cherehani karibu na mlango, redio inaimba, wao hawasemi chochote kwa sababu midomo imejaa chuma. Walikuwa wanaelewana kwa kuguna. Mimi ndiye niliyekuwa naongea peke yangu kutwa nzima, na wao wanaguna.

Naitamani sana ile karakana, afande. Ipo, mlango ni ule ule, lakini naitamani.

Kila mwezi tulimpeleka Taasisi kupimwa, ndivyo mkataba ulivyosema. Alipokuwa na miaka kumi na miwili Daktari aliona meno yake ya mbele yamelika. Akafurahi kupita kiasi, akaita wenzake, wakapiga picha. Akatuambia kwamba watu wa kale walikuwa na meno hivyo hivyo, kwa kuwa meno ndiyo yalikuwa mkono wao wa tatu, na huyu amezaliwa na tabia ile damuni. Mume wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Akafungua mdomo akasema, "Pigeni picha na mimi basi." Ya kwake yalikuwa yamelika zaidi. Daktari naye alicheka, na walibishana kirafiki kwa miaka saba, yeye akisema ni damu, mume wangu akisema ni kazi. Mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi.

Kwenye ukumbi wa Taasisi kuna kabati la kioo, ndani yake kile kidole kwenye kitambaa cheusi, kimewashiwa taa. Babu alikiona mara ya kwanza akiwa na miaka saba. Aliweka kidole chake kwenye kioo akauliza, "Huyu ni mimi?" Mtumishi mmoja akasema ndiyo, ni wewe wa zamani. Mume wangu akamkata kauli. Akamwambia mtoto, "Si wewe. Huyo ni mwenzio, wewe ni wa kwangu." Toka siku hiyo kila tukienda kupimwa alipita kwanza kwenye kioo, akasimama kidogo, kama mtu anayepita kujulia hali jirani.

Mume wangu alifariki mnamo tarehe 3 mwezi wa nne mwaka huu, kwa kifua. Vumbi la pamba lilimmaliza. Kaburi alilichimba Babu karibu lote, alikataa kupokewa sepetu. Tulipotoka makaburini aliniuliza, "Mama, na yule wa kwenye kioo alizikwa lini?" Nikamwambia kamuulize Daktari.

Akaenda kuuliza, na mimi nikiwepo. Daktari angeweza kumdanganya, hakumdanganya. Alisema yule alikuwa amezikwa. Walimkuta pangoni amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na jiwe bapa limewekwa chini ya kichwa. Mifupa mingine ilivunjika wakati wa kuichimbua na imegawanywa kwenye maabara mbalimbali, hapa kimebaki kidole. Babu aliuliza, "Jiwe aliliweka nani?" Daktari akasema hawezi kujua. Akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

Babu aliomba apewe kile kidole akizike. Aliomba kwa adabu, mara tatu. Daktari alisema uamuzi si wake, akalipeleka ombi kwa wakubwa. Wakubwa walijibu kwamba mfupa ni mali ya Taasisi, ila kwa kumhurumia watamtengenezea nakala ya plastiki, akaizike hiyo. Babu akawaambia, "Nakala mnayo tayari, ndiyo mimi. Nipeni yeye." Wakadhani anatania. Mwanangu hana utani, utani aliondoka nao baba yake.

Sasa nafika kwenye kilichonileta. Mnamo tarehe 19 mwezi huu, mnamo saa nne asubuhi, tulikwenda Taasisi kama kawaida. Nyumbani niliona bisibisi ya marehemu ndani ya mfuko wa shati lake, kwa sababu mfuko huo niliushona mimi na ninajua unavyolala ukiwa mtupu. Nikachukua pamba safi nikaitia kwenye mkoba wangu.

Ukumbini palikuwa na wanafunzi wa chuo wawili tu, nao walikuwa wanatoka, na mlinzi mlangoni. Babu alifungua skrubu nne za kabati. Mimi nilikuwa nimesimama nimempa mgongo, nimefungua kanga yangu naifunga upya, naichelewesha, ili mlinzi aone aibu kutazama upande wetu. Babu alikitoa kidole kwa mikono miwili, ingawa kingekaa kwenye kijiko cha chai. Mimi ndiye niliyekipokea, nikakiviringisha kwenye pamba, nikakitia mkobani. Andika hivyo: mimi. Akarudisha skrubu zote nne, maana baba yake hakumlea kuacha kazi nusu. Tukaenda akapimwa kama kawaida, uzito, urefu, kifua, na mkoba ukiwa mapajani mwangu muda wote. Daktari hakujua. Mlinzi hakujua. Msije mkawasumbua bure.

Mchana ule tulifunga mlango wa karakana, jambo ambalo mume wangu hakuwahi kulifanya siku ya kazi. Babu alitengeneza kisanduku cha mbao, akakiwekea sponji, juu yake mahameli ya kijani, ile nzuri iliyobaki. Mimi nilishona mto wa kulalia kidole. Ulikuwa mdogo kuliko kiberiti, nikauharibu mara mbili. Nikamuuliza, "Mwanangu, kidole kimoja nacho kinataka godoro?" Alikuwa na vijisumari mdomoni, hakuweza kujibu. Akaguna. Afande, nilikuwa sijasikia mguno ule tangu mwezi wa nne. Nilikwenda kusimama uani mpaka nikaweza kurudi.

Tulikizika jioni hiyo, kabla ya magharibi. Tulikuwa sisi wawili. Babu alishuka mwenyewe shimoni, akakiweka kisanduku kwa ubavu.

Kesho yake asubuhi mlikuja kumchukua.

Afande amenieleza kwamba Taasisi wameandika: wakirudishiwa mfupa leo, shauri wanalifuta na mwanangu anatoka. Wasiporudishiwa, anapelekwa mahakamani, na wao wataomba awekwe chini ya uangalizi wao, kwenye majengo yao. Nimeelewa. Sijatia pamba masikioni. Kabla ya kuingia chumba hiki nimekaa kwenye benchi la nje nikijiambia, sema tu, ni kidole, mwenyewe hana habari, mwanao ndiye aliye hai. Nilikuwa nimeshakata shauri kusema. Namtaka mwanangu nyumbani. Sina mwingine, na mume sina, na sijui nitamshonea nani.

Kilichonizuia ni lile jiwe. Sikulifikiria sana Daktari alipolitaja, nilikuwa na msiba wangu. Lakini pale kwenye benchi likanijia. Mtu hawekewi kitu chini ya kichwa na watu wasiomjali. Jiwe bapa hulioni mlangoni tu, unalitafuta. Kuna mtu alilitafuta huku analia, na mimi najua ni nani, hata kama Daktari hawezi kujua. Mwenzangu huyo alikuwa na sura kama ya Babu wangu, na pengine alikuwa anaguna kama yeye. Alimlaza mwanawe, akaenda zake akijua amemlaza wapi. Halafu tukaja sisi.

Afande ameniuliza kwa mara ya mwisho mfupa uko wapi. Napajua mahali, naweza kupafikia nimefumba macho. Sitapasema. Mama yule nimemnyonyeshea mwanawe, siwezi kwenda kumchimbulia kaburi kwa mara ya pili. Na kama huu ni wizi, tulikuwa wawili, tangu pamba hadi udongo. Mwanangu asisimame peke yake.

Nimesomewa maneno haya kuanzia juu hadi hapa. Ni yangu, hakuna lililoongezwa wala lililopunguzwa, nami natia sahihi bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA: Shahidi alipofika kwenye sehemu ya mkoba nilisitisha kuandika, nikamwonya kwamba anachosema kinaweza kutumika dhidi yake na kwamba ana haki ya kunyamaza. Alijibu kwamba hajawahi kunyamaza tangu aolewe, akaendelea. Nilipomaliza kumsomea nilimweleza kwamba kwa maelezo haya si shahidi tena, ni mtuhumiwa wa pili katika shauri hili, na kwamba bado anaweza kurudi nyumbani iwapo ataonyesha mfupa ulipo. Akasimama, akachukua mkoba wake, akaniuliza mwanawe yuko mlango upi.

Sahihi: Koplo wa zamu, saa sita na robo mchana.