Dumu Lililojaa Lenyewe

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefunga gesi. Nimeosha sinki, nimetoa mashuka ya nesi wetu, Sista Halima. Chanjo zimerudi kwenye friji ya hospitali. Mawingu yamekaa upande wa Bura tangu asubuhi. Bosi kapiga simu: kliniki ya magurudumu ilale yadini hadi mvua iishe. Sawa. Mvua ikishika, barabara ya Bura inakuwa uji, na gari letu ni nyumba nzima.

Dizeli hainisumbui. Kinachonisumbua ni tangi dogo la kifuniko cha buluu, la maji ya urea yanayopuliziwa kwenye ekzosi ili moshi utoke safi. Mfumo huo ukiharibika, kompyuta inazuia injini isiwake. Mwaka jana, baada ya mvua, ilikataa. Wiki sita tukisubiri kipuri kutoka Mombasa, na surua ikaingia huko mbele ya Bura. Watoto wawili walikufa kabla hatujafika. Mmoja alikuwa wa dada yangu Sahra.

Mwaka huu gari litawaka. Hilo tu ndilo ninalotaka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimesoma karatasi ya maelekezo mara tatu. Yote inaogopa barafu. Yasigande, yasipasue tangi, yapashwe moto. Garissa! Aliyeiandika aje akae juu ya boneti saa saba mchana, atajua cha kuogopa. Huku jua linayapika hayo maji mpaka yananuka kama zizi lililofungwa.

Basi nafuata akili yangu. Kivuli. Tangi lijae, hewa isipate nafasi. Mvua ikiisha, nitoe ya zamani, nitie mapya. Nimenunua madumu mawili.

Jumatano, 8 Oktoba

Gari liko chini ya paa la mabati. Nimemimina nusu ya dumu la kwanza, tangi likajaa povu. Nikawasha injini dakika ishirini, nikazima. Halafu nikangoja. Ukizima, pampu huendelea kuvuma chini, inayavuta maji yaliyobaki kwenye mipira kuyarudisha tangini. Nilihesabu kwa tasbihi mpaka iliponyamaza, ndipo nikakata swichi ya betri.

Sisi madereva wa huku tunakata swichi kabla vumbi halijatua. Betri zinaibwa, tumezoea. Mwaka jana nilikata hivyo hivyo. Maji yakakaukia kwenye mpira, yakawa chumvi nyeupe, ngumu. Nikamwambia bosi ni ubovu wa kiwandani. Akaamini. Sahra pia aliambiwa hivyo.

Haya, nimeandika. Sioni nafuu yoyote.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikai. Nimekwenda yadini mara tatu. Mke wangu ameuliza kama nimeoa gari. Mara ya tatu povu lilikuwa limetulia na tangi limeshuka, nikaongeza kutoka lile dumu lililofunguliwa. Mvua inanipiga mgongoni, dumu zito, mimi na haraka zangu. Nikatundika mkeka upande wa jua. Nimerudi nyumbani, nimekaa, nimesimama. Chai imepoa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala nimepita yadini. Dumu nililiacha nusu juzi. Jana nimepunguza tena. Leo nimeliinua, limejaa karibu mpaka shingoni.

Maji hayazai. Nimenusa, harufu ni hafifu. Nimepaka kidoleni, hayanati sawasawa. Yamechanganywa. Mtu ametia maji ya kunywa kwenye dumu, na mimi kwa mkono wangu nimeyatia kwenye tangi. Maji ya kisima cha hapa, chumvi tupu.

Ufunguo wa yadi tunao wawili, mimi na mlinzi, Adeer Dubow. Yuko mapumziko tangu jana. Nimezunguka nyumba yake na sikubisha hodi. Ningebisha ningempiga.

Jumamosi, 11 Oktoba

Alinitangulia. Nilimkuta langoni kabla ya zamu yake, ndevu zake za hina zimelowa mvua. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Adeer, mimi nimechukua maji yako," akasema. Mimi namwita adeer, naye ananiita adeer, ndivyo baba mdogo na mtoto wanavyoitana kwetu.

Jumatano bomba la yadi lilikauka na magharibi imefika. Akaona dumu la maji meupe, akachukua udhu. Mikono ikanata, ikakauka na unga mweupe. Akajua si maji. Akapiga tayamamu kwa mchanga, akaswali upya. Kisha akasimamisha mkokoteni wa punda, akanunua maji, akajaza dumu langu. Nusu nzima akaongeza juu ya aliyotumia.

"Kitu ya mutu ni amana. Nimerudisha, wallahi, na nimebitisha kibimo."

Nilimfokea. Mzee wa kumzaa baba yangu. Nilimwambia ataua watoto. Akauliza, watoto gani? Nikaondoka.

Mficha uchi hazai. Mzee kakiri maji ya udhu kabla ya kuulizwa. Mimi nina mwaka mzima nimekaa juu ya langu.

Jumapili, 12 Oktoba

Bahati ni moja tu. Injini haijawashwa tangu Jumatano, pampu haijayavuta. Uchafu uko tangini peke yake.

Nimelala chali kwenye tope, nikafungua kizibo cha chini. Nikaosha tangi mara tatu kwa maji ya betri yasiyo na asidi, maji mengine yoyote yana chumvi. Adeer Dubow akaja bila kuitwa, akalala topeni na kanzu yake, akashika beseni. Nikamwomba radhi tukiwa humo chini. Akasema alishanisamehe jana, sasa nitazame ninakomwaga, namwagia kichwa chake.

Nimejaza kutoka dumu la pili. Madumu yote mawili nimeyaandika SI MAJI, kwa Kiswahili na Kisomali. Yalipaswa kuandikwa tangu Jumanne. Kosa hilo ni langu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwenda ofisini, nimemwambia bosi yote. Swichi ya mwaka jana. Uongo wa kiwandani. Akaniambia niende nyumbani, atanipigia. Sista Halima alikuwa mlangoni, alisikia. Tulipofika tumechelewa, yeye ndiye aliyeosha maiti za wale watoto wawili. Hakunisalimia.

Huenda nimemwaga unga. Siogopi hilo. Namwogopa Sahra.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Barua ya onyo. Ufunguo bado ninao. Kwa Sahra hakufikiki, na nimefurahi hakufikiki. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 11 Desemba

Barabara imekauka. Nimetoa ya zamani, nimetia mapya, nimefunga kifuniko cha buluu. Nimerudisha swichi. Taa ya njano imewaka, imefikiri, imezimika.

Gari limewaka kwa jaribio la kwanza. Adeer Dubow kasema alhamdulillahi kwa sauti ya mnada wa ngamia. Mimi nimeshuka nikatazama ekzosi, moshi safi.

Jumatano, 17 Desemba

Tuko kwa kina Sahra. Akina mama wamejipanga tangu alfajiri. Sista Halima amechanja watoto mpaka chupa zikaisha. Sasa ananisalimia, kidogo.

Sahra alileta mtoto wake mchanga, akachanjwa, akalia, akanyamaza. Nikamfuata mpaka kwenye mbuzi zake. Nikamwambia. Kwamba haukuwa ubovu wa kiwanda, ulikuwa mkono wangu, na kwamba nilidanganya. Aliendelea kukamua. Nilidhani hakusikia.

Kisha akauliza, "Mutarudi lini?"

Nikasema mwezi ujao, inshallah.

"Inshallah tunasema sote, walaal, ndugu yangu. Wewe nipe siku."

Nikasema Jumatano, tarehe ishirini na moja. Akairudia taratibu, mara mbili, akamfunika mtoto uso kwa ncha ya mtandio kwa sababu ya nzi. Akanipa maziwa. Nikanywa nimesimama, kisha akaniambia nikae.