Orodha Yangu Ilimruka Bitutu

Mpendwa Bi Asli, naomba unisaidie upesi kwa sababu mkutano wetu ni Jumapili na mimi tangu juzi situlii mahali pamoja, furaha inanivuta huku na aibu inanivuta kule, na sijui nianzie wapi, basi acha nianze mwanzo.

Mimi ni Lorna wa Nyacheki, nimesomea kompyuta chuoni mjini Kisii, na hapa kwetu tuna egesangio, yaani kikundi cha majirani ishirini na wanne ambao huchumiana majani chai kwa zamu, leo kwangu keshokutwa kwako, na miaka yote karani alikuwa baba mkubwa wangu Manasseh, ambaye kila Jumapili alishika daftari na penseli akateremka mlima boma baada ya boma kuwaambia watu tunachuma kwa nani, na aliyeomba udhuru alimwekea kialama kando ya jina akaendelea na safari yake. Mwaka huu magoti yamemsumbua, nikasema baba mkubwa pumzika, nitaandika programu itume ujumbe kwa simu, akafurahi sana, akakaa nami siku mbili akinisomea majina na namba moja moja.

Nikachukua maktaba ya programu, zile kazi ambazo watu wengine wameshaziandika nawe unajengea juu yake, nikamfanya kila mwanachama kuwa kitu chenye jina, namba na udhuru wake, nikawapanga wote kwenye orodha kwa kufuata maboma yalivyoshuka mlimani. Kila Jumapili programu inapita kwenye orodha, ikikuta mtu ana udhuru inamtoa, ikikuta hana inamtumia ujumbe. Bi Asli, ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka watu wa vikundi vya jirani vya Itumbe na Sironga wakaanza kuniulizia, nao wakiitaka.

Kumbe Omong'ina Bitutu, ndivyo tunavyomwita mama mzee kwetu, mjane mmoja jirani, hapati ujumbe. Wiki ya kwanza hakuja, ya pili hakuja, ya tatu hakuja, na kwetu ukikosa mara tatu shamba lako halichumwi, kwa hiyo majani yake yakakomaa hadi kituo cha kununulia chai kikayakataa. Alipouliza amekosa nini, watu wakakumbuka kwamba yeye na baba mkubwa waligombania mpaka wa shamba mwaka juzi, wakasema Manasseh amenisomea namba mbaya makusudi. Wakamtoa ukarani mbele ya wote. Mimi nilikuwepo, na sikuwa na la kusema kwa kuwa sikujua kosa liko wapi, lakini nilijua namba ni sahihi, nilishaiangalia.

Sasa sikia. Juzi nimeketi migombani na kompyuta yangu, nikaamua kuifuata programu hatua kwa hatua, jina kwa jina, na nikaona! Anayetangulia Bitutu kwenye orodha ni Nyanchera, na Nyanchera kila wiki ana udhuru kwa sababu ya kliniki ya mtoto. Programu inafika kwa Nyanchera, nafasi ya tisa, inamtoa. Akishatoka, waliobaki wote wanasogea juu, Bitutu anaingia nafasi ya tisa, lakini programu imeshamaliza na tisa, inaenda kumi. Inamruka! Nilirusha kandambili, nikaruka na mimi, baba akatoka mbio akidhani nimepandwa na siafu. Nimeshairekebisha, sasa inapita orodha nzima bila kumtoa mtu, inaweka alama tu, ikifika mwisho ndipo inawaondoa wenye udhuru. Nimeijaribu mara hamsini na hairuki mtu. Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe.

Shida ni hii. Jumapili wanataka kunifanya karani badala ya baba mkubwa, na watu wa Itumbe watakuwepo kuiona programu. Mama anasema nyamaza, kitu kimepona, ukisema hakuna atakayeiamini tena. Baba mkubwa hapiti tena kwetu akitoka kanisani kwa Wasabato Jumamosi. Nifanye nini?

Lorna, Nyacheki.

Lorna mwanangu, hongera, na ninasema kwa moyo wote. Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa hapa mjini, kompyuta yangu ni kikokotoo, lakini barua yako nimeisoma nikasimama. Nilishawahi kuhesabu majora kwenye rafu huku nikiyachomoa yaliyooza, nikapata hesabu ya ajabu, nikamfokea mume wangu Abdiaziz bure. Leo ndiyo nimejua kilichotokea. Nimemwomba radhi, baada ya miaka kumi na mmoja.

Sasa keti nikuseme. Umenieleza kandambili ilivyoruka, lakini mzee wako aliyevuliwa kazi mbele ya watu umempa mistari michache na kumwacha mwishoni kabisa. Wewe ndiye uliyekuwa na hakika ya ile namba na ukanyamaza. Hapo, binti, programu haina kosa.

Halafu rudia barua yako mwenyewe. Dawa uliyogundua ni kupita orodha yote, kuweka alama, kutomtoa mtu mpaka mwisho. Na Manasseh alikuwa anafanya nini na penseli yake? Kialama kando ya jina, anaendelea na safari. Ulikaa naye siku mbili ukaandika namba tu, hukumwuliza anavyofanya kazi. Angekuambia.

Mama yako anakupenda, lakini usimsikilize kwa hili. Anayeficha kosa ndiye asiyeaminiwa. Anayelionyesha na kulitengeneza mbele ya watu, hao wa Itumbe watamfuata mpaka nyumbani.

Fanya hivi. Kesho nenda kwa baba yako mkubwa, peke yako, umwambie: "Kosa lilikuwa langu, na niliona ukivunjiwa heshima nikanyamaza." Usianze na kompyuta, anza na hilo. Akikubali kusikiliza, mwonyeshe.

Jumapili usiwaelezee watu kwa maneno ya chuoni. Wasimamishe kumi na wawili kwa mpangilio wa maboma yao, wewe pita ukiwagusa bega mmoja mmoja ukihesabu. Ukifika kwa Nyanchera mtoe, waambie wengine wasogee, kisha piga hatua yako mbele kama programu ilivyofanya. Omong'ina Bitutu atajiona mwenyewe akirukwa, mbele ya macho ya watu waliomsema Manasseh, na hakuna atakayehitaji kuelezwa zaidi.

Ukarani ukatae katakata. Sema Manasseh arudi kwenye kiti chake na daftari lake, yeye asome na wewe utume, magoti yake hayahitajiki kwa kazi hiyo. Na kabla hamjatawanyika, washa hiyo programu yako iliyopona, watu wasikie simu zikilia kuanzia boma la juu mpaka la chini, na ya Bitutu ilie kwa zamu yake, na ujumbe wenyewe useme Jumatatu wote tunachuma kwake.