Jua Lisilotua na Shule ya Zuhura

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema.

Mdogo wangu Idrisa, Nshamba,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuuliza hali yako, ya mkeo na ya watoto. Nauliza pia kama migomba ya kibanjani imesalimika na upepo. Mimi hapa kwa mwanangu, kaskazini mwa Norwe, ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaouma, nawe ndiye uliyeuumiza.

Dada yetu Mwajuma amenipigia simu kutoka Bukoba. Anasema umemwachisha binti yako Zuhura shule kwa kuwa mwalimu wake wa jiografia anafundisha kwamba dunia ni tufe, na msikitini umeliita somo hilo ukafiri. Nami nilipokueleza kwa simu kwamba hapa jua la Juni halitui, uliwasikilizisha watu, ukasema, “Kaka, sasa Magharibi mnaswali lini? Au mliiacha Muleba?” Wakacheka, ukakata simu. Tunafuata saa za Makka, Idrisa, kama wanazuoni walivyotuelekeza. Hukungoja jibu.

Sikulaumu kwa kustaajabu. Kwetu jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, nasi tulikua tukidhani watu wote wamegawiwa hivyo.

Video ulizonitumia nimezipima kwa haki. Unasema dunia ni sahani, kaskazini ni katikati yake, na jua ni taa inayozunguka juu. Kwa huku Norwe peke yake ungeweza kunishinda, maana taa ikizunguka karibu na katikati tutaiona usiku kucha. Lakini jirani yetu hapa aliwahi kuwa mpishi wa watafiti kwenye barafu ya ncha ya kusini. Desemba, sisi tukiwa gizani mchana kutwa, yeye kule aliliona jua likimzunguka pasipo kutua. Kwenye sahani yako, kusini ni ukingo uliozizunguka nchi zote. Ni taa gani hiyo iangaze ukingo mzima kwa pamoja, ituache sisi wa katikati gizani?

Unauliza baridi inatoka wapi kama jua halitui. Umeanika kahawa tangu utotoni. Jua la saa sita huikausha. La saa kumi na moja jioni huangaza jamvi tu, nawe unaanza kuianua. Jua la huku, hata lisipotua, hukaa chini kama la jioni.

Sahani hainiumi. Kinachoniuma ni kwamba umemsingizia Mungu. Kitabu chake kimetuamuru tuzitazame mbingu na tufikiri. Wewe umemkataza mwanao.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulinikalisha mimi kwenye kiti cha baba. Kwa mamlaka hayo nimeamua: Zuhura atakwenda Bukoba kwa shangazi yake Mwajuma, na Jumatatu ataingia darasani. Usimzuie. Ukiwa na hasira, nipigie mimi. Mtoto usimguse kwa neno.

Nisalimie mkeo, shemeji yangu mvumilivu, na mjomba wetu wa Ijumbi, asiyeacha kutuombea.

Mwenyezi Mungu aibariki nyumba yako na wote wanaolala ndani yake, na akupe kifua cha kumtazama binti yako akijua usilolijua.

Kaka yako,
Haruna