Kikwembe ya kilio ya Josée

Yannick, usinipigie. Niko nakuandikia mu toilette juu Mama yangu eko anapiga makelele ku salon.

Tulitoka sasa hivi ku hôpital na Josée, bibi yangu ya ndoa. Docteur alisema kansere ya titi inakwisha, na ile chimio ilikuwa ya mwisho. Josée alicheka njia yote!

Tunaingia ku nyumba: Mama na batantine, bandugu yake, beko banapimwa nguo na couturier. Kikwembe moja ya bote!

Niliuliza: "Mama, iko fête ya nani?"

"Haiko fête. Ni ya kilio ya Josée, ya kuvaa siku tutamuzika. Couturier anakawiaka, heri tushone mbele ya wakati."

Mbele, mon vieux! Mbele! Na Josée alikuwa amesimama palepale ku mulango!

Josée alitosha foulard, kichwa bila nywele hata moja, aliambia couturier: "Na mie unipime. Ku kifua ukate kidogo, titi ilibakia moja. Ya Mama usishone. Ile siku, yeye njo atakuwa mu sanduku."

Mama alinigeukia, anangoja nimukaripie bibi yangu.

Nilikamata mètre ku ncha moja, juu couturier apime Josée muzuri.